Mayai Arobaini na Matatu, na Kipande

Nilikuwa na tonge la ugali mkononi, mchicha umeshanasa vizuri, Mama Neema aliponiuliza efa ni kilo ngapi.

Sikumjibu mara moja. Mwanamume aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa anajua kuwa maswali ya namna hiyo hayatembei peke yake, huja na kazi mgongoni. Nilitafuna polepole, nikameza, nikanywa maji, kisha nikasema kwa sauti ya mtu mwenye elimu kwamba efa si kilo, efa ni ujazo, kama vile debe. Hapo ndipo nilipojifunga. Ukishajibu nusu ya swali, nusu iliyobaki ni yako.

Mama Neema anafundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu. Walikuwa wamefika kwenye habari za hema ya kukutania, na aliona watoto wanasinzia kwenye mapazia na vitanzi vyake, akaamua safari hii waone kwa macho na waonje kwa ulimi. Akachagua sadaka iliyofuatana na mwana-kondoo wa kila siku, asubuhi na jioni, Kutoka sura ya 29: sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, ichanganywe na robo ya hini ya mafuta ya zeituni, na pembeni robo ya hini ya divai. Mwana-kondoo tulimwondoa kwa sababu za bajeti. Divai tuliiondoa kwa sababu za mchungaji. Ukabaki unga, mafuta, na mimi.

"Si wewe unaandika magazetini?" akasema. Kana kwamba mhariri hutupima kwa hini.

Nikamshauri achukue tafsiri mpya, ambayo wenyewe walishatuhurumia wakaweka kilo na lita. Aliniangalia kama nimependekeza wageni wapewe chai ya jana. Biblia yake ni ile ya Union, ya mwaka 1952, yenye jalada lililoshikizwa kwa gundi ya viatu, na humo efa ni efa. Alitaka nipime mwenyewe, nimpe jibu kwa vipimo vya jikoni, kabla ya Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Vipimo vya jikoni! Jikoni kwetu kuna vyombo vitatu vya kupimia. Cha kwanza ni jagi la plastiki tuliloletewa zawadi siku ya harusi, ambalo namba zake zimesuguliwa na steeliwaya miaka yote hii mpaka imebaki 500 peke yake, nayo imepoteza sifuri moja. Cha pili ni kikombe. Ukisoma mapishi yoyote utaambiwa vikombe viwili vya unga, lakini hawasemi cha nani. Cha Mmarekani ni mililita kama 240, cha Mwaustralia 250, cha Mjapani 200. Cha kwetu inategemea kipi hakijavunjika. Cha tatu ni kiganja cha Mama Neema, na hicho ndicho pekee ninachokiamini, kwa bahati mbaya hakiazimwi.

Basi nikakaa na kalamu. Na niseme kweli, mwanzoni ilikuwa raha. Waebrania walipanga vipimo vyao vikapangika. Homeri moja ni efa kumi. Efa ni sea tatu. Sea ni kabu sita, kabu ni logi nne. Upande wa vitu vya maji, kori ni bathi kumi, bathi ni hini sita, hini ni logi kumi na mbili. Ezekieli anasisitiza kuwa bathi na efa ziwe na ujazo mmoja, na ukizidisha unakuta kila mojawapo ni logi 72. Mpaka hapo mtoto wa darasa la nne anapata vema. Kinachobaki ni kujua logi moja ni kiasi gani, ukaoge ukalale.

Wazee wa Kiyahudi wana jibu lao la tangu zamani. Logi ni ujazo wa mayai sita.

Mayai, jamani. Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Efa ni mayai 432. Sehemu ya kumi ya efa ni mayai 43 na sehemu mbili za kumi za yai. Trei moja, mayai kumi na matatu juu yake, na kipande. Robo ya hini, namshukuru Mungu, ni mayai kumi na manane kamili.

"Yai la nani?" akauliza Mama Neema kutoka kwenye sinki. Mwanamke huyu hajasoma hata ukurasa mmoja wa Mishna, kitabu cha sheria cha wazee hao, lakini swali lake ndilo lililowatoa jasho wanazuoni karibu miaka elfu mbili.

Kwa maana nyumbani kulikuwa na mayai ya aina mbili: ya kisasa, ya dukani, na ya kienyeji aliyoleta shemeji kutoka Muheza, yamefungwa moja moja kwenye gazeti (gazeti langu, na upande wa safu yangu, lakini tuyaache hayo). Yai la kienyeji ni dogo kama linaomba radhi. Sasa hao kuku wa Musa walikuwa wa aina gani? Na kule jangwani kuku walitoka wapi?

Mishna yenyewe inasema lichukuliwe yai la wastani. Rabi Yehuda akatoa njia: tafuta yai kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote, yatie kwenye maji, maji yatakayomwagika uyagawe kwa mbili. Nikaona hapa nimepata mtu wa sayansi. Nikajaza sufuria maji mpaka mdomoni, nikaitia ndani ya beseni, nikatumbukiza yai la shemeji, nikayapima maji yaliyomwagika kwa bomba la sindano ambalo Neema alitumia kunyweshea dawa ya kikohozi alipokuwa mdogo. Mililita 40. Yai la dukani, mililita 57. Yaliyomwagika nje ya beseni hayakupimwa, yalipigwa deki, na mpiga deki mnamjua.

Kisha nikaendelea kusoma nikakuta Rabi Yose alishamjibu mwenzake palepale: nani ataniambia lipi ndilo kubwa kuliko yote, na lipi dogo kuliko yote? Kila kitu, akasema, kiende kwa makadirio ya mwenye kutazama. Yaani kiganja cha Mama Neema. Laiti ningesoma mstari mmoja zaidi kabla ya kulowanisha suruali.

Na msidhani jambo liliishia kwa wazee hao. Katika karne ya 18 huko Praha, Rabi Yechezkel Landau alipima kipimo kilekile kwa njia mbili, kwa upana wa vidole na kwa mayai, akakuta majibu yanapishana kwa mara mbili hivi. Mtu mwingine angesema vidole vyangu ni vinene. Yeye akaamua kwamba mayai ndiyo yamesinyaa, kwamba mayai ya siku zake yalikuwa nusu ya mayai ya kale. Nampenda sana mzee huyu. Mimi mwenyewe kila nikienda dukani nasema hivyohivyo kuhusu mkate, na hakuna anayeandika hukumu yangu kwenye kitabu.

Katika karne ya 20 ugomvi ukahamia kwenye mililita. Rabi Avraham Chaim Naeh wa Yerusalemu alisema yai ni mililita 57.6. Rabi mwenzake wa Bnei Brak, aliyejulikana kama Chazon Ish, alishikilia kitu kinachokaribia 100. Hadi leo kuna familia zinazomfuata huyu na zinazomfuata yule, na usiku wa Pasaka kikombe cha divai cha nyumba moja hutosha mililita 86 na cha nyumba ya pili 150. Mimi nilifurahi kuona kuku wa dukani kwetu anaelewana kabisa na Rabi Naeh. Kwa kuku huyo, sehemu ya kumi ya efa ni lita mbili na nusu hivi. Kwa Chazon Ish ni lita nne na kitu. Kwa kuku wa shemeji ni lita moja na robo tatu, lakini kuku wa shemeji hana shule ya fikra inayomfuata.

Nikawaendea wachimbaji wa mambo ya kale, nikidhani watu wa koleo watakuwa na adabu zaidi. Huko Lakishi walipata kigae cha mtungi chenye maandishi ya bathi ya mfalme. Kigae, wasomaji wangu, siyo mtungi. Wakaunganisha na vigae vingine, William Albright akapiga hesabu, ikatoka lita 22 hivi kwa bathi nzima, na hiyo ndiyo vitabu vingi vinaipenda. Lakini Yosefo, mwanahistoria aliyeishi wakati hekalu bado limesimama, anailinganisha bathi na sextarii 72 za Kirumi, na hiyo inakaribia lita 39. Mtu aliyekuwapo anasema 39, aliyekuja na koleo miaka 1,900 baadaye anasema 22. Hata Biblia yenyewe haiepuki: bahari ya shaba ya Sulemani inachukua bathi 2,000 ukisoma Wafalme, 3,000 ukisoma Mambo ya Nyakati. Tangi lilelile. Nimewahi kupata bili za maji za namna hiyo.

Ijumaa jioni nikatoa taarifa. "Unga ni kati ya kilo moja na robo na kilo mbili na nusu. Mafuta ni kati ya chini kidogo ya lita moja na karibu lita mbili."

Mama Neema aliacha kuchambua mchele. "Baba Neema, siku mbili hizi, na trei ya mayai umeiloweka, ndiyo unaniletea kati ya na kati ya?"

Nikajitetea kwa kumhamisha mada, mbinu ambayo haijawahi kunisaidia lakini siiachi. Nikamwonyesha kwamba nilichokipata kina faida nyingine, maana sasa tunaweza kuwaelewa watu wa Biblia kwa matumizi yao. Chukua Ibrahimu. Wageni watatu wamesimama mlangoni jua kali, anakimbilia hemani anamwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga. Hizo ni sea tatu. Sea tatu ni efa nzima. Kwa hesabu ndogo ya Albright ni lita 22, unga wa kilo kumi na mbili na zaidi, kwa watu watatu! Na ndama juu yake, na siagi, na maziwa. Nikamwambia Mama Neema kuwa sasa najua anakotoa tabia ya kupika sufuria la harusi akija mgeni mmoja. Akasema Sara hakuulizwa kama unga upo, na mimi pia siulizi. Nikaona niende kwa Gideoni. Gideoni naye, mgeni mmoja tu chini ya mwaloni, na wakati huo Wamidiani wamemaliza chakula nchini, akaoka efa nzima ya mikate isiyochachwa. Huyo mgeni alikuwa malaika na hata hakula.

Na Ruthu je? Aliokota masazo siku nzima, akayapura jioni, akapata kama efa ya shayiri, akajitwisha akaenda nayo mjini kwa mama mkwe. Kwa Albright ni kilo kumi na nne. Kwa Yosefo ni kilo ishirini na tano kichwani baada ya kutwa ya kuinama juani. Boazi kumwona hakuhitaji macho makali. Halafu kuna yule mwanamke ambaye Zekaria alimwona ameketi ndani ya efa, juu kafunikwa kifuniko cha risasi. Mwanamke mzima ndani ya lita 22. Mimi shati langu tu haliingii humo likiwa limenyooshwa.

"Lita 22 ni debe," akasema Mama Neema.

"Debe ni lita kumi na nane, ishirini."

"Debe la sokoni. Likiwekwa kichuguu."

Nikanyamaza, maana alikuwa ameniona. Debe la mafuta ya taa lilikuja kwetu na galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo, na muuza mahindi akikupendelea anakujazia mpaka nafaka zinateleza pembeni. Hiyo ni efa. Nikaanza kuhesabu upya, safari hii kwa vyombo vya sokoni, na mambo yakakubali kwa namna iliyonitia haya. Homeri, lita 220, ni pipa na chenji kidogo. Bathi ni dumu kubwa la maji. Hini, lita tatu na robo tatu hivi, ni sado, lile kopo la rangi ambalo nchi nzima inapimia viazi na nyanya. Logi, mililita 300 hivi, ni chupa ya soda. Siku mbili napigana na jagi la harusi, kumbe jibu linauzwa barabarani na wamama wenye kanga kiunoni.

Wala msidhani vyombo vya zamani vilikuwa na uaminifu kuliko sado zetu. Torati inakataza mtu kuwa na efa mbili nyumbani, kubwa na ndogo, na hakuna anayekataza jambo ambalo halifanyiki. Amosi alilalamika kuhusu wanaoipunguza efa na kuiongeza shekeli. Nimeyaona haya kwa macho yangu: sado iliyobonyezwa kitako mpaka sakafu yake imepanda, na muuzaji anaijaza viazi huku akiniita bosi. Marabi nao wanasimulia kuwa vipimo vya Yerusalemu vilikuwa vikubwa kuliko vile vya jangwani, na vya Sepforis vikavipita vya Yerusalemu. Kwa hiyo hata wakati ule ilikuwa lazima umuulize mtu, sado ya soko gani?

Aliyeniua kabisa alikuwa Bi Mwanaidi. Ni jirani yetu, anauza vitumbua asubuhi, na umri wake unanilazimu kumwamkia hata akiwa amekosea yeye. Alikuja Jumamosi kurudisha chekecheke, akakuta meza imejaa makaratasi.

"Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba mwanangu. Mnahesabu mahari?"

Nikamweleza. Efa, sehemu ya kumi, mayai, Praha, yote. Alisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri mafuta yapate moto. Halafu akamgeukia Mama Neema. "Kwani humo kitabuni mwenu hiyo sehemu ya kumi wanaiitaje kwa Kiswahili?"

Mama Neema akafungua Kutoka 16, kwenye habari za mana, ambapo kila mtu alipewa omeri moja kwa siku, na omeri ndiyo sehemu ya kumi ya efa. Akasoma kimya. Akanitazama. Wale wazee wa Union hawakuandika omeri. Waliandika pishi.

"Pishi!" Bi Mwanaidi akacheka mpaka akakaa. "Vibaba vinne. Si ndiyo tunayotolea zakatul-fitri kila mwaka? Mnaroweka mayai kwa ajili ya pishi?"

Nikaenda kwenye kamusi ya Johnson ya 1939, kwa kiburi tu, nikitafuta pa kumkosolea. Pishi ni vibaba vinne, au visaga viwili, karibu nusu galoni. Nusu galoni ya Kiingereza ni lita 2.27. Omeri ya Albright ni lita 2.2. Tofauti yake ni kama kile kinachobaki kwenye mwiko. Chazon Ish na Rabi Naeh walitofautiana kwa karibu lita mbili, na wafasiri wetu walilenga kwa neno moja ambalo bibi yangu alikuwa akilitumia kumpunja muuza mpunga.

Ilibidi nitafute kosa lao mahali, na nikalipata, namshukuru Mungu. Katika Wafalme wa Pili, Samaria imezingirwa, njaa imefika mahali ambapo robo ya kabu ya mavi ya njiwa inauzwa kwa fedha, na mahali pa kabu wao wakaandika kibaba. Lakini kabu ni kama lita moja na robo, na kibaba ni nusu lita na kitu. Hicho si kibaba, hicho ni kisaga! Neno lipo, zuri, limekaa bure, wakalipita. Nilimweleza Bi Mwanaidi ugunduzi wangu kwa fahari. Akasema mtu anayenunua mavi ya njiwa hajali kama amepunjwa.

Jumapili ilifika. Pishi moja ya unga, na robo ya hini ya mafuta, ambayo ni robo ya sado, ambayo ni mililita mia tisa na ushee. Zeituni tuliiacha dukani baada ya kusoma bei mara mbili, tukatumia alizeti ya Singida. Nilikuwa nimeshika hesabu muda wote huo bila kufikiria mapishi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sadaka ile iliteketezwa madhabahuni. Kilo moja na robo ya unga haiwezi kunywa mafuta karibu lita moja. Halikutoka donge, lilitoka tope linalong'aa. Mama Neema alilimimina kwenye kikaango vipande vipande, mafuta yakatangulia, unga ukafuata kwa wakati wake. Watoto walikula wote na wakaomba tena, wakajifutia kwenye nguo za Jumapili, na wamama wenye nguo hizo walijua nani wa kumtazama.

Nilidhani yamekwisha. Jumatatu usiku, tonge mkononi tena, nikaambiwa mwezi ujao ni Ezekieli sura ya nne: ule mkate wa ngano, shayiri, kunde, dengu, mtama na ngano nyingine isiyojulikana dukani, shekeli ishirini kwa siku, na maji sehemu ya sita ya hini. Nikajibu bila kuinua kichwa. Shekeli ni gramu kumi na moja na kitu, kwa hiyo mkate ni gramu 230 hivi, na maji ni chupa mbili za soda. Nikaendelea kula.

"Hayo nilishamuuliza Bi Mwanaidi," akasema. "Shida ni moto. Nabii aliruhusiwa kuokea mavi ya ng'ombe makavu. Nimekutaja wewe kwa wale wafugaji wa bondeni, wanakusubiri Jumamosi na gunia."

Nimeisoma sura yote, juu mpaka chini, mara nne. Kiasi hakikutajwa.